Kabla ya Bima Kulikuwa na Risaga

Mnamo Machi 2024, vijana wengi wa Kenya waliokuwa wakijipatia riziki mtandaoni waliamka wakakuta mlango umefungwa. Remotasks, jukwaa la kampuni ya Scale AI ya Marekani lililowalipa kwa kuweka alama kwenye picha na maandishi ya kufundishia akili unde, lilisitisha shughuli zake nchini ghafla kwa ujumbe wa barua pepe. Kwa kuwa kisheria hawakuwa waajiriwa, hapakuwa na notisi ya mwezi wala malipo ya kuachishwa kazi. Kodi ya nyumba na bili ya intaneti ziliwangoja palepale.

Mzee wa Nyamira akisimuliwa kisa hicho anaweza kudhani anasimuliwa habari za pareto.

Kuanzia miaka ya 1950, maua meupe ya pareto yalienea katika mashamba ya nyanda za juu za Gusii. Akina mama na watoto waliyachuma, wakayaanika, yakapelekwa kwa mnunuzi mmoja tu: Bodi ya Pareto, yenye kiwanda chake Nakuru. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani kwa zao hilo, na pesa zake zilisomesha watoto wengi Kisii na Nyamira. Kisha, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, malipo yakaanza kuchelewa, kwanza kwa miezi na baadaye kwa miaka. Wakulima waling'oa pareto wakapanda mahindi, migomba na nyasi za mifugo. Mnunuzi alikuwa mmoja, naye alikuwa mbali, na aliposhindwa kulipa hapakuwa na mfuko wowote wa kuwashika mkono waliomtegemea.

Naviweka visa hivi viwili pamoja kwa sababu swali la nani humlinda mtu kipato chake kinapokatika ni la zamani katika milima hii. Halikuja na kompyuta.

Zamani Abagusii walilijibu kwa risaga na egesangio. Risaga ilikuwa nguvu ya majirani wa eneo moja: mtu mwenye kazi kubwa, kama kujenga nyumba au kupalilia shamba lililomshinda, aliwaita, wakaja na majembe yao, na jioni wakakirimiwa pombe. Egesangio ilikuwa kundi dogo zaidi lililozunguka kwa zamu, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Wanaanthropolojia Robert na Barbara LeVine, walioishi na kufanya utafiti Gusii katikati ya miaka ya 1950, waliikuta mipango hii ingali hai. Siri yake ilikuwa kwamba deni la jasho lililipwa kwa jasho, na kila mtu alimjua mdeni wake kwa sura na kwa ukoo. Aliyekwepa zamu ya wenzake hakuhitaji kushtakiwa, maana zamu yake ilipofika alibaki peke yake na jembe lake.

Fedha zilipoingia, ulinzi nao ukabadilika sura. Gusii ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na baadaye vyama vya ushirika vikawa ndiyo njia ya kuiuza. Majani chai yakafuata, yakasimamiwa tangu 1964 na KTDA, shirika la kustawisha chai ya wakulima wadogo. Hapa pana jambo ambalo naona halijapewa uzito unaostahili. Mkulima wa chai anayepeleka majani Sanganyi, Kebirigo au Nyankoba hulipwa kiasi fulani kila mwezi, na bonasi mwishoni mwa mwaka. Si bima, na kila mwaka watu hulalamikia kiwango chake. Hata hivyo mpango huo uliwazoesha maelfu ya familia kwamba kipato kinaweza kugawanywa kivuke mwaka mzima, kisiliwe chote siku kilipopatikana. KTDA ilikuja hata kuwa na kampuni zake tanzu za uwakala wa bima na za mikopo midogo.

Serikali nayo ilijenga ukuta wake, lakini iliujenga kumzunguka mwajiriwa. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ilianzishwa 1965, na NHIF, bima ya hospitali, mwaka uliofuata. Sheria ya Ajira ya 2007 ilimpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara katika kila mwaka. Mwaka huohuo ikaja sheria ya fidia kwa waumiao kazini, WIBA, ambayo humlipa mfanyakazi aliyelemaa kwa muda hadi miezi 12. Huku Kisii, waliofaidi ukuta huo walikuwa hasa walimu, wauguzi, makarani na wafanyakazi wa viwanda. Walimu waliuongezea urefu wenyewe kupitia Gusii Mwalimu Sacco.

Sasa mtazame kijana wa leo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, juu ya ardhi ambayo kila kizazi huigawa upya hadi shamba linakuwa kama kitanda. Hawezi kurithi shamba la chai la kumtosha. Amesoma, pengine katika Chuo Kikuu cha Kisii kilichopata hadhi hiyo 2013, na serikali yenyewe ilimhimiza aingie mtandaoni ilipoanzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016. Amepanga chumba karibu na mjini, ana kipakatalishi na laini mbili za simu. Anaunda tovuti, anahariri video, anatafsiri, anaandika programu kwa ajili ya mteja ambaye hajawahi kumwona. Yeye ni mkandarasi. WIBA na siku za ugonjwa za Sheria ya Ajira zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mkataba wa ajira, naye hana.

Akijiunga na NSSF kwa hiari, atakuwa anaweka akiba ya uzeeni, na fao la ulemavu la mfuko huo ni la mtu asiyeweza tena kufanya kazi. Halimhusu aliyevunjika mkono kwa ajali ya bodaboda barabara ya Keroka na atakayepona baada ya miezi mitatu. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, inadai asilimia 2.75 ya kipato, isiyopungua Sh300 kwa mwezi. Hiyo ni ya kulipia matibabu. Mkono utafungwa bandeji hospitalini, lakini kazi aliyoahidi kuikamilisha Ijumaa itapewa mtu mwingine.

Kampuni za bima zinauza bima ya ajali binafsi, ambayo inaweza kuwa na malipo ya kila wiki kwa mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na hitaji la mkandarasi, na ninamshauri aiulizie kwa jina hilo. Lakini huhusu ajali. Homa ya mapafu siyo ajali, na mteja wa ng'ambo kufunga akaunti siyo ajali. Tena bima hutaka kujua unapata kiasi gani kwa mwezi, na mkandarasi hana hati ya mshahara. Ana taarifa za M-Pesa na za PayPal zinazopanda mwezi huu na kushuka mwezi ujao. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, waandishi wengi wa mtandaoni wameziona zikishuka bila kupanda tena.

Uholanzi walipitia njia hii. Mwaka 2004 serikali yao ilifuta bima ya lazima ya ulemavu kwa watu waliojiajiri. Bima za kampuni binafsi zikawa ghali kwa wengi. Mwaka 2006 baadhi ya waliojiajiri wakaanzisha Broodfonds, yaani mfuko wa mkate. Watu wasiozidi 50, wanaofahamiana, kila mmoja huweka akiba ya kila mwezi katika akaunti yake mwenyewe. Mwenzao akiugua, kila mmoja humtolea kiasi kidogo kutoka kwenye akiba hiyo, hadi miaka miwili. Mtindo huo umeenea nchini humo katika vikundi vingi. Nilipousoma mara ya kwanza nilisema: hii ni risaga.

Nasi vyama vya kuchangiana tunavyo tayari, kuanzia Daraja Mbili mjini Kisii hadi Ekerenyo kule Nyamira, na vingi vina kipengele cha kusaidia msiba. Tunamchangia mtu akifa, na tunampuuza akiwa amelala kitandani akiangalia kazi zake zikipotea. Hesabu si ngumu. Wanachama 40 wakimtolea mwenzao mgonjwa Sh500 kila mmoja, anapata Sh20,000 kwa mwezi, na miezi mingi hawatatoa zaidi ya hapo kwa sababu si rahisi wengi wakaugua pamoja. Kinachohitajika ni katiba inayosema nani atathibitisha ugonjwa, malipo yataanza siku ya ngapi, na yatakoma lini. Kwa mteja anayeondoka ghafla, chama cha watu wa kazi moja hakitoshi, kwa sababu jukwaa likifungwa wote wanaangukiwa siku moja, kama wakulima wa pareto walivyoangukiwa. Ndiyo maana ni bora mwandishi wa programu aketi chama kimoja na mwenye duka la dawa, mwalimu na muuza ndizi.

Kwa serikali, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kimempa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na hakikusema kila mwajiriwa. Bunge lina kazi ya kuandika sheria inayomtaja mkandarasi. Wewe unayesoma haya huku kazi ya mteja ikiwa wazi kwenye kioo chako, usilisubiri. Jumapili hii chama chako kitakapokutana, omba jambo moja liongezwe kwenye ajenda: mwenzetu akiugua mwezi mzima, tutamlipa shilingi ngapi?