Mungu Mmoja, Imani ya Walioshindwa Vita

Mtoto anayejiandaa kwa komunio ya kwanza hulijibu swali hili bila kusita: Mungu alikuumba kwa nini? Amekaririshwa, ataliimba jibu hadi mwisho. Swali lenyewe lina umri mkubwa kuliko katekisimu, kuliko hata Biblia, na huko Babeli lilikuwa na jibu lingine kabisa. Katika utenzi wa Atrahasis, ulioandikwa kwenye vibao vya udongo miaka zaidi ya 3,600 iliyopita, miungu midogo inachimba mifereji mpaka inachoka. Inagoma. Inachoma majembe na vikapu vyake, kisha usiku inaizingira nyumba ya mkubwa wao, Enlil. Suluhu ikawa kumchinja mungu mmoja, damu na nyama yake zikachanganywa na udongo, akafinyangwa binadamu ili yeye ndiye abebe kikapu. Tumeumbwa tuwe vibarua, basi.

Kuhusu Mungu mmoja na miungu mingi, Kiswahili kina lake la kusema. Mungu anaona, kama mtu. Miungu inaona, kama mikoko. Sarufi yetu ilishachagua upande.

Wengi tunadhani imani ya Mungu mmoja ilianza na Abrahamu ikaja imenyooka mpaka kwetu. Biblia yenyewe haisemi hivyo. Yoshua, akiwaaga Waisraeli, anawakumbusha kwamba baba zao ng'ambo ya Mto waliabudu miungu mingine, Tera babaye Abrahamu akiwemo.

Jaribio la kwanza linalofahamika la kuabudu mungu mmoja lilifanyika Misri. Katika karne ya 14 KK, Farao Amenhotep wa Nne alibadili jina akajiita Akhenaten, akajenga mji mkuu mpya jangwani, mahali panapoitwa Amarna leo, na kuamuru jina la mungu Amun likwanguliwe kwenye kuta za mahekalu. Ibada ya dola ikawa ya Aten, duara la jua. Alitawala kama miaka 17. Alipokufa, mji ulihamwa, makuhani wa Amun wakarudi kazini, na kijana aliyekalia kiti muda mfupi baadaye, Tutankhaten, akawa Tutankhamun. Maana ya jina hilo jipya ni sura hai ya Amun, tutalirudia. Mwaka 1939 Sigmund Freud alitoa kitabu akidai Musa aliichukua imani yake kwa Akhenaten. Wanahistoria wengi hawamkubali, nami simkubali. Imani ya Aten ilikuwa amri ya ikulu, ikazikwa pamoja na mwenye ikulu.

Kwa Waisraeli mambo yalikwenda polepole na kwa mikwaruzo. Mwaka 1975 na 1976 wanaakiolojia waliofukua Kuntillet Ajrud, katika jangwa la Sinai, walikuta mitungi ya takriban mwaka 800 KK yenye baraka zilizoandikwa kwa jina la Yahwe wa Samaria na Ashera wake. Wataalamu bado wanabishana kama Ashera hapo ni mungu wa kike au nguzo tu ya ibada. Kwa msomaji wa Biblia si jambo la kushtua. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasema mfalme Yosia, karibu mwaka 622 KK, aliitoa Ashera ndani ya hekalu la Yerusalemu akaiteketeza. Hakitolewi kisichokuwamo.

Kisha msiba ukaja. Karibu mwaka 586 KK majeshi ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli, yalilichoma hekalu, na watu wengi wakapelekwa Babeli. Kwa fikra za zama zile kesi ilikuwa imekwisha: Marduk, mungu wa Babeli, kamshinda Yahwe, Mungu wa Israeli. Au Yahwe kawakasirikia watu wake, kama Mesha, mfalme wa Moabu, alivyoandika kuhusu mungu wake Kemoshi kwenye jiwe lililopatikana mwaka 1868. Ila Kemoshi alibaki wa Moabu tu. Mateka wa Babeli walikwenda mbali zaidi. Yeremia alishasema kwamba Nebukadreza mwenyewe ni mtumishi wa Yahwe. Ikiwa ni hivyo, Babeli nayo ni mali ya Yahwe, na Marduk ni gogo lililochongwa.

Mwaka 539 KK Koreshi wa Uajemi aliuteka mji huo. Silinda ya udongo iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879, ambayo sasa iko British Museum, London, inasema Marduk ndiye aliyemteua na kumshika mkono. Isaya sura ya 45 inamtaja Koreshi yuleyule, mkono uleule, lakini aliyeushika ni Yahwe, na hakuna mwingine. Tena inamwita masihi, mpagani huyo asiyemjua hata aliyemtuma. Waliosema hayo hawakuwa na jeshi, mfalme wala hekalu.

Wataalamu wengi wanaiweka sura ya kwanza ya Mwanzo katika zama hizo au baada yake kidogo. Isome sasa ukimkumbuka Tutankhamun. Misri na Mesopotamia, aliyeitwa sura ya mungu kwa kawaida alikuwa mfalme. Mwanzo inakitoa cheo hicho kwa binadamu wote, mwanamume na mwanamke. Na pale Atrahasis, miungu inapumzika kwa sababu binadamu anachoka. Amri ya Sabato inampumzisha mtumwa, mgeni, hata punda.

Si wote waliosikia mara moja. Karibu mwaka 400 KK, Wayahudi wa kisiwa cha Elephantine, kwenye mto Nile, waliandika orodha ya michango ya ibada. Fedha nyingine zilikwenda kwa Yahu, yaani Yahwe, nyingine kwa mungu mwingine, Anati-Betheli.

Wakristo waliirithi imani hiyo na ugumu wake. Paulo, akiwaandikia Wakorintho miaka ya 50 BK, aliliweka jina la Yesu ndani ya ungamo la Mungu mmoja, na mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea kubishana hilo linawezekanaje. Majirani zetu Waislamu bado wanatuuliza barazani. Wapagani wa Roma wao waliwaita Wakristo watu wasio na mungu, kwa kuwa walikataa miungu mingine yote.

Mwalimu wa katekisimu, watoto wakishakariri jibu lile, wasomee na Isaya 45. Waambie neno la sura hiyo lilisemwa wapi, na waliolisema walikuwa katika hali gani.