Karani na Kalamu: Riziki ya Mwandishi wa Wasifu, Historia na Insha

Inapozungumzwa historia ya maandishi ya Kiswahili, aghalabu hutajwa vitabu, tarehe zake na uzuri wa lugha yake. Ni nadra kuulizwa mtu aliyeviandika alikula nini siku alizokuwa akiviandika. Swali hili huonekana dogo, pengine hata la utovu wa adabu, kama kumwuliza mgeni nauli aliyolipa. Hata hivyo, kwa aina moja ya mwandishi ndilo swali lenye kuamua kama kitabu kitakuwapo au hakitakuwapo. Mtunzi wa shairi anaweza kutunga huku akilima. Mwandishi wa wasifu, wa historia au wa mila za watu hana budi kusafiri, kuuliza, kulala ugenini, kungoja mzee apate nafuu ndipo azungumze, kisha kurudi tena kuuliza alichosahau. Gharama humwangukia kabla hajaandika neno la kwanza. Makala haya yanamhusu mwandishi huyo tu, yaani anayeandika habari za kweli, na yanachunguza jinsi alivyojipatia riziki tangu mwanzo wa karne ya ishirini.

Tuanze na mtu wa Bagamoyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mkono wake. Humo mna habari za ndoa, ngoma, malezi, deni na mazishi, zilizoandikwa na mtu aliyeishi ndani yake. Lakini jina lililotangulia katika kitabu kile lilikuwa la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani aliyezikusanya habari hizo na kuzitoa. Mwaka 1905, baada ya kutokea ugomvi chuoni, Mtoro alisafiri kurudi nyumbani pamoja na mkewe Mjerumani, na watawala wa Dar es Salaam hawakumruhusu mke huyo kushuka pwani. Wakarejea Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg kwa muda, na miaka iliyobaki alijipatia riziki kwa kutoa mihadhara mji hadi mji juu ya nchi na watu wake, hadi alipofariki mwaka 1927. Kwa maneno ya siku hizi tungesema alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Yeye hakujichagulia hali hiyo. Aliingia humo kwa sababu mlango wa kazi ya mshahara ulifungwa, na mlango wa kwao ulifungwa pia. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chake ilipotoka mwaka 1981, jina lake liliwekwa mahali panapostahili, na mwenyewe alikuwa kaburini zaidi ya miaka hamsini.

Waliomfuata walijifunza, kwa kujua au kwa kutojua, kwamba kalamu peke yake haimlishi mtu. Tukiyatazama majina ya walioandika habari za kweli kwa Kiswahili wakati wa utawala wa Kiingereza, tunakuta karibu wote walikuwa na cheo au meza ya ofisi. Martin Kayamba alikuwa karani mkuu wa ofisi ya serikali Tanga. Alipelekwa London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha safari, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Petro Itosi Marealle, aliyeandika Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947, alikuwa mtawala miongoni mwa Wachagga. Mathias Mnyampala, ambaye historia yake ya Wagogo ilitolewa mwaka 1954, alipitia ukarani, uliwali na uhakimu. Hakuna kati yao aliyeishi kwa kitabu. Mshahara ndio uliokuwa mchapishaji wa kwanza wa vitabu hivyo, kwa kuwa ndio ulionunua karatasi, taa na saa za usiku.

Tena ofisi haikuwa hasara tupu kwa mwandishi. Karani alizunguka. Hakimu alisikiliza kesi za urithi, mahari na mipaka ya mashamba, na kesi ni shule kubwa ya mila. Bila shaka mtu aliyekaa barazani miaka mingi alisikia mengi ambayo mgeni mwenye daftari asingeambiwa. Lakini mshahara ulikuwa na bei yake, nayo haikulipwa kwa fedha. Mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuweza kuandika waziwazi juu ya mwajiri wake. Msomaji akisoma maandishi ya kweli ya makarani hao atajifunza mengi juu ya adabu, safari na mababu, na machache mno juu ya kodi, kazi za kulazimishwa na mshahara wa Mwafrika ulivyolinganishwa na wa Mzungu au Mhindi aliyekaa meza ya pili. Mimi siwalaumu. Nasema tu kwamba ukimya ule nao ni sehemu ya historia yetu ya uandishi, na wanafunzi wanaosoma vitabu hivyo wafundishwe kuusikia.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia ukarani katika idara ya forodha. Alikaa huko hadi mwaka 1944. Kisha alifanya kazi katika idara ya mifugo Mpwapwa, akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na mwisho akawa katika ofisi ya upimaji ardhi hadi alipostaafu karibu na mwaka 1960. Alifariki Juni 1962. Hesabu hiyo iangaliwe vizuri: zaidi ya miaka thelathini ya utumishi, na kama miaka miwili tu ya kuwa mwandishi asiye na mwajiri. Vitabu zaidi ya ishirini alivyoviacha vilipatikana katika mabaki ya siku ambazo sehemu yake bora ilikuwa mali ya serikali.

Wengi humkumbuka kwa ushairi na kwa Kusadikika. Katika hoja yetu, vitabu vyake vya habari za kweli ndivyo vyenye mafunzo zaidi. Alieleza maisha yake mwenyewe katika Maisha Yangu. Aliandika insha, na hata alitoa Kielezo cha Insha ili kuwaonyesha wengine namna ya kuziandika. Kitabu hicho kilichapwa mwaka 1954 na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Yaani karani wa Tanga, akiandika kwa lugha inayosomwa Tanga, Mombasa na Unguja, alipata mchapishaji wake umbali wa maelfu ya maili kusini, katika nchi ambayo wasomaji wa Kiswahili ni wa kutafutwa kwa tochi. Ndivyo soko lilivyokuwa. Kulikuwa na Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, ambalo lilimtangaza kwa wasomaji. Kulikuwa na wachapishaji wa Uingereza, ambao walitaka zaidi vitabu vya shule. Mwandishi alipeleka muswada kwa posta na kungoja.

Kungoja huko kuna kielelezo kimoja cha kusikitisha. Shaaban Robert alizungumza na Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja, muda mfupi kabla ya mama huyo kufariki mwaka 1950. Hii ilikuwa kazi ya mwandishi wa wasifu kwa ukamilifu wake: kumfikia mtu akiwa hai, kumsikiliza, kuyapanga maelezo yake. Laiti angechelewa mwaka mmoja, sauti ile ingebaki katika sahani za santuri tu, bila maisha yaliyoizaa. Hata hivyo Wasifu wa Siti binti Saad ulitolewa mwaka 1958, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Karibu miaka minane ilipita. Mtu anayetegemea kitabu kwa chakula hawezi kungoja miaka minane. Karani mwenye mshahara aliweza, na kwa hiyo tuna wasifu huo leo.

Ni vyema kueleza fedha za vitabu zinavyokwenda, kwani vijana wengi huingia katika kazi hii bila kuzihesabu. Mchapishaji humlipa mwandishi mrabaha, yaani sehemu ya bei ya kila nakala iliyouzwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kitabu kinauzwa shilingi 2, mrabaha ni asilimia 10, na nakala 3,000 zinachukua miaka mitatu kwisha. Mwandishi atapata shilingi 600 kwa miaka mitatu, yaani 200 kwa mwaka, na hazianzi kuingia mpaka kitabu kitoke na hesabu ya mwaka ifungwe. Toa humo nauli, karatasi na malipo ya mpiga taipu. Njia ya pili ni kuuza muswada kwa mkupuo mmoja. Fedha zake huja haraka, lakini kitabu kikipendwa na kuingia shuleni, mwandishi hubaki akitazama kama mtu aliyeuza mwembe msimu wa maua.

Njia ya tatu ni kujichapishia. Kuanzia mwaka 1959 kazi kadhaa za Shaaban Robert, zikiwamo Insha na Mashairi, zilitoka hapohapo Tanga kwa jina la Art and Literature. Naona hilo lilikuwa jambo la ujasiri kuliko linavyosifiwa: maandishi yalirudi nyumbani, karibu na wasomaji wake. Lakini anayetoa vitabu kwa namna hiyo hulipa kiwanda cha uchapaji kwanza, kisha huvibeba yeye. Wenye maduka huvichukua kwa mali kauli na kulipa baada ya kuuza, wengine husahau. Kalamu ya ufundi inageuka daftari la madeni. Kifo kilimkuta mapema, na vitabu kadhaa ambavyo vimemfanya ajulikane kote vilitolewa na wachapishaji wakubwa wa nje kati ya mwaka 1966 na 1968, yeye asivione.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kwa kiasi. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, na mswada wa Dar es Salaam ukaweza kuhaririwa Dar es Salaam. Lakini mwandishi wa historia na wasifu aliendelea kuwa mwalimu, mtafiti au mtumishi wa wizara. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki lilipotoweka pamoja na kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977, na karatasi ikawa adimu katika miaka ya 1980, wenye miswada waliiweka sandukuni. Mwandishi wa makala haya anayo moja, historia ya mtaa mmoja wa mji wa pwani, iliyokaa kwa mchapishaji miaka minne na kurudishwa ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu yake na bila barua.

Wachache walioweza kuishi kwa kalamu bila mwajiri hawakuishi kwa vitabu. Waliishi kwa vipande: makala ya gazeti, mswada wa redio, tafsiri, uhariri, ripoti, wasifu wa mzee ambaye watoto wake wako tayari kugharimia. Kitabu chao wenyewe walikiandika kati ya vipande hivyo, kama Shaaban Robert alivyoandika kati ya saa za forodha. Tofauti ni kwamba vipande vikichaguliwa kwa busara hulisha kitabu: safari iliyolipiwa na gazeti huleta pia habari za sura ya tano. Mtoro alijua hilo, kwani mihadhara yake ilitoka katika maarifa yaleyale ya Desturi. Asichokuwa nacho ni haki ya kitabu chenyewe.

Haki hiyo sasa imo katika sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa kazi za Shaaban Robert ulikoma mwisho wa mwaka 2012. Yeyote mwenye mtambo anaweza leo kuchapa Maisha Yangu, akaiuza mlangoni pa shule, na wala hadaiwi senti na mtu wa Vibambani.