Mwanachuoni katika Baraza ya Mfalme

Liko suala ambalo Waislamu wamelijadili tangu zama za Bani Umayya na Bani Abbas, na mpaka leo halijesha: mwanachuoni akae umbali gani na mtawala? Akikaa mbali mno, mtawala hufanya apendalo bila ya kuwa na wa kumkumbusha. Akikaa karibu mno, huenda ulimi wake ukazoea kusema lile ambalo mtawala amekwisha kulitaka. Katika zama hizi zilizo karibu nasi, ni nchi chache mno zilizolijaribu jambo hili kwa muda mrefu kama Ufalme wa Saudia. Na kwa kuwa huko ndiko iliko Al-Kaaba tunayoielekea mara tano kila siku, na huko ndiko walikosoma wengi katika vijana wetu wa pwani, yatupasa tuijue historia yake kama ilivyo, bila ya chuki na bila ya ushabiki.

MAPATANO YA DIR'IYYA

Mwaka 1744 (sawa na 1157 Hijria) Sheikh Muhammad bin Abdul Wahhab, aliyezaliwa mji wa Uyayna katika Najd mwaka 1703, alitolewa katika mji wake akaenda Dir'iyya, mji mdogo wa mitende ulio karibu na Riyadh. Alikuwa akilingania Tauhidi na kuwakataza watu wasiombe haja zao makaburini na mitini. Amiri wa Dir'iyya alikuwa Muhammad bin Saud. Wawili hawa wakapeana mikono: Amiri amhami Sheikh na ulinganio wake, na Sheikh amuunge mkono Amiri katika utawala wake.

Ibn Bishr, mwandishi wa tarikh ya Najd, amesimulia kuwa Amiri alitaka mambo mawili. La kwanza, Sheikh asije akawahama akaenda kukaa mji mwingine. La pili, asimzuie kuchukua kodi aliyozoea kuichukua kwa watu wa Dir'iyya wakati wa mavuno. Sheikh alilikubali la kwanza. Hili la pili hakulikubali wala hakulikataa. Alimwambia tu kuwa huenda Mwenyezi Mungu akamfungulia ngawira zitakazomtosheleza asiihitaji kodi ile.

Hebu izingatie khabari hii, ndugu msomaji. Siku ya mwanzo ya mapatano, suala la mali ya mtawala lilikuwa limekwisha kutajwa, na jawabu yake ikaahirishwa. Tutaliona tena suala hili mbele.

Dola iliyozaliwa siku ile ilikua hata ikaitawala Makka na Madina, kisha majeshi ya Misri yakaja kuivunja Dir'iyya mwaka 1818. Ikasimama mara ya pili mwaka 1824, ikaanguka mwaka 1891. Mara ya tatu ilisimamishwa na kijana aliyekuwa akiishi uhamishoni Kuwait, Abdulaziz bin Abdulrahman wa ukoo wa Saud. Mwaka 1902 aliuteka mji wa Riyadh kwa watu wachache; mwaka 1924 aliingia Makka, mwaka 1925 Jeddah, na tarehe 23 Septemba 1932 akaipa nchi yote jina la ukoo wake.

IKHWANI NA SIMU YA UPEPO

Panga la Abdulaziz lilikuwa ni Ikhwani, mabedui walioacha kuhamahama wakakaa katika vijiji vilivyoitwa hijra, wakafundishwa dini na kupigana. Walipokwisha kuiteka Hijazi walitaka kuendelea mpaka Iraq na ng'ambo ya Mto Yordani, ambako walikuwako Waingereza. Mfalme aliwakataza. Hapo wakaanza kumlaumu: mbona anatumia motokaa na simu ya upepo, vitu vya makafiri? Mbona anatoza ushuru usiokuwamo katika sharia?

Mwaka 1927 wanavyuoni wa Riyadh waliulizwa, wakaandika fatwa. Juu ya simu ya upepo walisimama: hawakuihalalisha wala hawakuiharamisha, kwa kuwa hawakuijua hakika yake. Juu ya ushuru walisema wazi kuwa ni haramu na kuwa Mfalme yampasa auondoe; lakini asipouondoa, haijuzu kuuvunja umoja wa Waislamu wala kumuasi kwa sababu hiyo. Na jihadi, wakasema, ni shauri la Imamu mwenyewe.

Tusiwadhulumu wanavyuoni hawa. Mbele ya mfalme mshindi waliandika neno "haramu" juu ya mapato yake, na hilo si jambo dogo. Lakini kweli yao waliifungia mlango wao wenyewe: Mfalme alinasihiwa, na asiposikia hakuna la kumfanya. Ikhwani hawakuridhika, wakaasi, na Machi 1929 wakavunjwa katika vita vya Sabilla.

MAFUTA, SKULI NA AHADI

Kabla ya mafuta, mapato makubwa ya Mfalme yalitoka kwa mahujaji, na katika hao wamo wazee wetu waliosafiri kwa bahari kutoka pwani hii. Dunia ilipoingia katika dhiki ya uchumi miaka ya mwanzo ya 1930, mahujaji walipungua na hazina ikakauka. Mwaka 1933 Mfalme aliipa kampuni ya Kimarekani ruhusa ya kuchimba, na mwaka 1938 mafuta mengi yakapatikana Dammam. Basi ile ngawira ya kumtosheleza mtawala ikafika, tena kutoka chini ya ardhi, na haikugawiwa kwa upanga. Mwenye hazina hiyo akawa ndiye mlipaji wa kila mtu, akiwamo kadhi, imamu, mwalimu na mufti. Mwaka 1971 liliundwa Baraza la Wanavyuoni Wakubwa kwa amri ya mfalme, na wajumbe wake huteuliwa na yeye.

Ukaribu huu ulikuwa na kheri yake. Itazame elimu ya wasichana. Mwaka 1955 Bibi Iffat, mke wa Amiri Faisal, alifungua Jeddah skuli ya wasichana iitwayo Dar al-Hanan. Serikali ilipotaka kufungua skuli za wasichana katika nchi nzima, mwaka 1960, watu wengi waliogopa, kama walivyoogopa wazee wengi wa kwetu pwani. Skuli hizo zikawekwa chini ya usimamizi wa wanavyuoni, ikawa shida kwa baba kusema kuwa skuli ni ukafiri ilhali funguo zimo mikononi mwa mashekhe. Huko Buraida mwaka 1963 watu walipinga, serikali ikapeleka askari na skuli ikafunguliwa. Lakini hakuna mzazi aliyelazimishwa kumpeleka mwanawe. Muda si mrefu wazazi waliwaleta mabinti zao kwa hiari.

Novemba 1962, Faisal akiwa Waziri Mkuu, alitangaza mpango wa mambo kumi. Mojawapo lilikuwa kuukomesha utumwa, na utumwa ukakomeshwa. Sisi wa pwani, ambao majahazi yaliyowachukua watumwa yaling'oa nanga bandarini mwetu, twaijua thamani ya neno hilo, na twajua pia limechelewa kiasi gani. Jingine lilikuwa kutunga Sheria ya Msingi na kuweka Baraza la Shura. Ahadi hiyo ilikaa miaka 30. Sheria ilitolewa mwaka 1992, na mwaka 1993 Baraza likapata wajumbe 60, wote wameteuliwa na mfalme. Shura ni amri ya dini yetu, wala haikuwa bid'a iliyotoka Ulaya. Lakini katika miaka hiyo 30 fatwa za kukataza mengine hazikukosekana, na sauti ya Baraza la Wanavyuoni haikusikika ikiidai Shura kwa nguvu zile zile.

MUHARRAM 1400

Alfajiri ya tarehe 1 Muharram 1400, yaani 20 Novemba 1979, Juhayman al-Utaybi na watu wake wenye silaha waliushika Msikiti wa Makka, wakamtangaza mmoja wao kuwa ni Mahdi. Juhayman alizaliwa katika kijiji cha Ikhwani, na manung'uniko yake yalifanana na yao: televisheni, ufisadi wa wakubwa, urafiki na makafiri, na wanavyuoni wanaokula mshahara wa mfalme. Alichokifanya ni dhambi kubwa. Alimwaga damu mahali ambapo hata mti haukatwi. Wanavyuoni walitoa fatwa ya kuruhusu silaha zitumike ndani ya Haram, na baada ya wiki mbili fitina ikazimwa. Januari 1980 watu 63 walichinjwa kwa hukumu.

Yaliyofuata ndiyo ya kutazamwa. Serikali iliyokwisha kuwaua waasi iliwapa wakali mengi katika yale waliyoyataka. Hai'a, wale wanaozunguka masokoni kuamrisha mema na kukataza mabaya, ikaongezewa nguvu. Wanawake wakapunguzwa katika televisheni. Vitabu vya skuli vikazidi ukali. Je, dini ilikuwa imebadilika baina ya mwaka 1978 na mwaka 1981? Haikubadilika. Iliyobadilika ni hofu ya mtawala.

Agosti 1990, Iraq ilipoiteka Kuwait, wanavyuoni waliruhusu majeshi ya Marekani kuingia nchini. Novemba mwaka ule ule, wanawake 47 waliendesha motokaa katika njia za Riyadh. Wizara ya Mambo ya Ndani ikapiga marufuku, na fatwa ikatoka kuwa jambo hilo huleta maovu. Ikapita miaka 27. Septemba 2017 Mfalme Salman alitoa amri kuwa wanawake wapewe leseni, na katika amri hiyo imeandikwa kuwa wengi wa wajumbe wa Baraza la Wanavyuoni Wakubwa hawaoni kizuizi. Juni 2018 wanawake wakaanza kuendesha; na wiki chache kabla ya hapo, baadhi ya wanawake waliolidai jambo hilo kwa miaka walitiwa gerezani.

Na Hai'a? Mwaka 2016 iliondolewa uwezo wa kukamata watu. Sinema zikafunguliwa mwaka 2018. Septemba 2017 Sheikh Salman al-Awda, aliyekwisha kufungwa katika miaka ya 1990 kwa kuikosoa serikali, akakamatwa tena. Kisha Januari 2022 Mfalme akaamuru kuwa kila tarehe 22 Februari iwe Siku ya Kuasisiwa dola, na mwaka unaohesabiwa ni 1727, alipoanza kutawala Muhammad bin Saud. Piga hesabu, ndugu msomaji: ni miaka 17 kabla ya Sheikh kuingia Dir'iyya. Anayekalia mkeka wa mwenziwe huondoka pale mwenye mkeka atakapo kuukunja.

IMAMU AHMAD NA MAZINGATIO

La ajabu ni kuwa madhehebu ya nchi ile ni ya Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyefariki Baghdad mwaka 855. Khalifa alitaka kuwalazimisha wanavyuoni waseme kuwa Qur'ani imeumbwa. Wengi walitii kwa kuogopa. Imamu Ahmad alikataa, akafungwa, akapigwa mijeledi. Hakuwaita watu kuasi, wala hakukubali kutia muhuri wa dini juu ya neno la mtawala. Njia hiyo ya kati na kati ipo, na ni nyembamba.

Tupate nini sisi katika khabari hizi? Kwanza, tusichanganye hukumu ya dini na hukumu ya serikali inayoitumia dini. Tangu kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina mwaka 1961, vijana wetu wamepata huko elimu kubwa ya Qur'ani na Hadithi, nasi tunaishukuru. Lakini kijana arudipo nyumbani, atofautishe aliyoyachukua katika vitabu na aliyoyachukua katika siasa na ada za nchi ile. Ni misiba mingapi tuliyoiona ya ndugu wa baba mmoja wasiozikana kwa ajili ya tofauti ambazo kule kwenyewe zilibadilika kwa amri moja? Wala wazee wasiikatae dalili ya kweli kwa sababu tu aliyeileta amesomeshwa kwa mali ya mfalme.

Pili, tusidhani kuwa jambo hili ni la wafalme tu. Kwetu pia shekhe huitwa jukwaani wakati wa uchaguzi akaombee dua chama, na tajiri aliyejenga msikiti hutaka khutba isiguse biashara yake. Suala la siku ile ya Dir'iyya ni lile lile: nani anayelipa?

Wazee wetu wa pwani walilifahamu. Ndiyo maana waliweka wakfu, huyu minazi, yule nyumba, mwingine kisima, ili imamu na mwalimu wa chuo wale bila ya kumpigia mtu magoti. Wakfu nyingi tumezila, nyingine tumeziacha zikawa magofu, kisha twalalamika kuwa mashekhe hawasemi kweli. Mwalimu ambaye mtaa wake haumlishi atalishwa na mwingine, na huyo mwingine hatatoa bure. Basi anayetaka mwanachuoni huru na aanze kwa kuuliza, mwezi huu, imamu wa msikiti wake amekula nini, na minazi ya wakfu iliyo karibu naye inamfaa nani.

Mwenyezi Mungu awape wanavyuoni wetu ujasiri wa kusema haki, awape watawala masikio ya kuisikia, na atupe sisi ukarimu wa kuwatunza waisemao. Amin.