Taa 25,000 juu ya daraja: jinsi mwanga unavyopangwa kuwa sanaa

Usiku wa tarehe 5 Machi 2013, kamba za chuma zinazoshikilia upande wa magharibi wa daraja la Bay Bridge, linalounganisha miji ya San Francisco na Oakland nchini Marekani, zilianza kumetameta. Taa 25,000 za LED zilikuwa zimefungwa kwenye kamba hizo kwa urefu wa karibu kilomita 3, na kila moja iliweza kuwashwa, kufifishwa au kuzimwa peke yake. Miaka 10 baadaye, tarehe ile ile, zote zilizimwa. Watazamaji hawakuwa wamezichoka. Upepo, hewa ya chumvi, mvua na mtikisiko wa magari vilikuwa vimeziharibu kwa kasi ambayo mafundi hawakuweza kuifikia.

Wazo lilianzia wapi?

Mtunzi wa kazi hiyo, iitwayo The Bay Lights, ni msanii Mmarekani Leo Villareal. Mwaka 1997, akihudhuria tamasha la Burning Man katika jangwa la Nevada, alifunga taa 16 juu ya gari alilolala ili aweze kulitambua gizani, naye akaziongoza kwa kompyuta ndogo. Taa za kuonyesha njia zikageuka kuwa mwanzo wa sanaa yake. Kwenye daraja alitumia mwanga mweupe pekee, nazo taa zilielekezwa nje ili zisiwasumbue madereva.

Taa hupokeaje amri?

Mifumo ya madaraja ni mikubwa na ghali, lakini kanuni yake inaweza kueleweka kupitia mkanda wa taa unaotumiwa na wasanii wengi wanaoanza, wenye taa za aina ya WS2812B. Ndani ya kila taa mna vimulimuli vitatu, yaani chekundu, cha kijani na cha buluu, pamoja na chipu ndogo. Kidhibiti hutuma biti 24 kwa kila taa, biti 8 kwa kila rangi. Hivyo kila rangi huwa na ngazi 256 za ukali, na mchanganyiko wake huzaa rangi zaidi ya milioni 16.

Ujumbe husafiri kama sinia la tende linalopitishwa barazani. Taa ya kwanza huchukua fungu lake na kuipa ya pili yaliyosalia; ya pili hufanya vivyo hivyo, hadi mwisho wa mkanda. Ndiyo maana chipu moja ikiharibika, taa zote zilizo mbele yake huweza kukosa amri, hata kama zenyewe ni nzima.

Fungu la taa moja huchukua mikrosekunde 30, yaani sehemu 30 za milioni ya sekunde. Taa 1,000 katika mstari mmoja basi huhitaji milisekunde 30, na picha haiwezi kubadilika zaidi ya mara 33 hivi kwa sekunde. Anayetaka taa nyingi zaidi huzigawa katika mistari kadhaa.

Programu hufanya nini?

Programu hutunza orodha ya namba, tatu kwa kila taa. Hubadilisha namba hizo, huzituma zote, kisha huanza upya. Ili nukta ya mwanga ionekane ikitembea, huwasha taa moja, hupunguza kidogo ukali wa zilizopita, kisha husogea hatua moja. Maktaba za bure kama FastLED humwondolea msanii kazi ya kupanga muda wa kila biti.

Jicho nalo lina hesabu zake. Taa iliyopewa namba 128 haionekani kuwa na nusu ya mwanga wa taa yenye 255, bali huonekana kali zaidi ya hapo. Programu nzuri hurekebisha namba hizo, la sivyo mwanga unaofifia huonekana ukikatika ghafla mwishoni.

Hatari iko kwenye umeme

Taa moja ya aina hiyo, ikiwaka nyeupe kabisa, huweza kuvuta miliampea 60 kwa volti 5. Taa 300 hufikia ampea 18, sawa na wati 90. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo huo hupata joto na unaweza kuwaka moto. Kwa hiyo mafundi huingiza umeme sehemu kadhaa za mkanda, huweka fyuzi, na huweka kikomo cha mwanga ndani ya programu.

Baada ya giza

The Bay Lights ilipozimwa mwaka 2023, shirika la Illuminate lililoisimamia lilikuwa likitafuta fedha za taa mpya zinazostahimili zaidi hali ya bahari. Mjini London, kazi nyingine ya Villareal, Illuminated River, ilikamilika mwaka 2021 juu ya madaraja tisa ya mto Thames. Hiyo tangu awali ilipangiwa kudumu kwa muda usiopungua miaka 10.