Mistari Myeusi ya Jua na Hesabu za Cecilia Payne

Jumamosi iliyopita nilikuwa karibu kufuta matokeo ya programu yangu. Mkubwa wangu kazini alikuwa amesema hayawezekani. Kabla sijafuta, stima zikapotea! Kwa kukosa la kufanya nikaokota CD kuukuu, nikaielekeza dirishani, na rangi za upinde wa mvua zikatandaa ukutani. Nikakumbuka kisa hiki.

Rangi hizo zote zimo ndani ya mwanga wa jua. Isaac Newton alilithibitisha hilo miaka ya 1660: kioo chake hakikuongeza rangi, kilizitenganisha tu. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo kule Ujerumani, alizichunguza kwa makini zaidi akaona mistari myeusi imezikatiza. Alihesabu zaidi ya 500.

Maana yake ilijulikana 1859. Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha kwamba kila elementi hufyonza rangi zake maalum. Wataalamu wakaisoma mistari, wakakuta chuma, kalsiamu, sodiamu. Basi wakaamini kwamba jua limeumbwa kwa viwango vilevile vya dunia yetu.

Cecilia Payne, Mwingereza aliyezaliwa 1900, alikwenda Harvard, Marekani, mwaka 1923. Huko alitumia mlinganyo wa Meghnad Saha, mwanafizikia wa India, unaoeleza jinsi joto linavyozipokonya atomi elektroni zake. Akagundua kwamba mstari mzito si lazima umaanishe elementi ni nyingi. Kwenye uso wa jua, wenye joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, ni atomi chache mno za haidrojeni zilizo katika hali ya kufyonza mwanga tunaouona. Ikiwa mistari yake inaonekana hata hivyo, basi haidrojeni imejaa tele!

Henry Norris Russell, bingwa wa fani hiyo kutoka Princeton, alimwambia haiwezekani. Katika tasnifu yake ya 1925, Payne akaandika kwamba tokeo hilo karibu hakika si la kweli. Mwaka 1929 Russell alifika palepale kwa njia nyingine, akaitaja kazi ya Payne.

Leo tunajua karibu robo tatu ya uzito wa jua ni haidrojeni. Ndiyo kuni zake. Kitovuni, penye joto la nyuzi milioni 15, viini vya haidrojeni huungana kuwa heliamu na kutoa nishati. Nishati hiyo husafiri maelfu ya miaka hadi juu, na uso ukang'aa kwa rangi zote zilizokuwa ukutani kwangu.

Payne hakukosea hesabu. Alichokosa ni mtu wa kusimama naye.

Stima zilirudi saa kumi jioni. Matokeo yangu bado sijayafuta. Nitayapiga hesabu upya kwanza, halafu Jumatatu nimwendee mkubwa wangu nayo mkononi.