Bunduki iliyobadilishwa mtutu: kwa nini risasi hukwama?

Bunduki inayokwama wakati wa kupakia ni hatari mara mbili: haiko tayari mnyama mkali anapokuja, na ina risasi hai iliyosimama njiani. Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo kwenye bunduki ya bolti, yaani ile unayovuta na kusukuma bolti kwa mkono ili kupakia kila risasi.

Tatizo huonekana sana kwenye bunduki iliyoundwa upya, yenye mashine ya zamani na mtutu mpya wa risasi ya aina nyingine. Mfano mzuri ni Mauser ya Ujerumani ya mwaka 1898. Risasi yake ya asili, 7.92x57, ina urefu wa milimita 82 hivi. Mafundi wameigeuza itumie risasi nyingine nyingi, ikiwemo .375 H&H yenye urefu wa milimita 91. Lakini kufunga mtutu mpya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni njia ya risasi kutoka magazini hadi chemba.

Njia ya risasi

Ndani ya magazini, springi husukuma kibao kinachoinua risasi. Juu yake kuna kingo mbili za chuma zinazozuia risasi isiruke. Bolti ikienda mbele husukuma kitako cha risasi, nayo hupanda mteremko mfupi na kuingia chemba. Kwenye Mauser, kucha ndefu ya bolti hushika kitako hicho risasi ikiwa bado njiani.

Risasi hulala kwa kupishana, moja kushoto, moja kulia. Ili zikae vizuri, upana wa ndani wa magazini huwa takriban mara 1.87 ya unene wa kitako cha risasi. Kitako cha milimita 12 huhitaji kama milimita 22.4. Magazini ikiwa nyembamba mno, risasi za juu huelekea kuruka. Ikiwa pana mno, hubanana kama kabari.

Angalia inakwama wapi

1. Bolti inapita juu bila kuchukua risasi: springi imechoka au imewekwa kinyume, kibao kinakwama, au kuna uchafu.

2. Ncha inagonga ukuta wa mbele: risasi ni ndefu kuliko magazini, kibao kimeinama mbele, au kingo zinachelewa kuiachia.

3. Risasi inaruka nje, au mbili zinatoka pamoja: kingo zimepanuliwa kupita kiasi.

4. Risasi inaingia lakini bolti haifungi: chemba ni chafu au fupi, kucha haikushika kitako, au hiyo si risasi ya bunduki hiyo. Usilazimishe.

Kwenye Mauser ya asili, usitumbukize risasi chemba kwa mkono kisha ukafunga bolti. Kucha itagonga kitako na inaweza kuvunjika. Pakia kupitia magazini.

Ikikwama

Elekeza mtutu mahali salama, toa kidole kwenye kifyatulio, vuta bolti nyuma taratibu na uondoe risasi zote. Usisukume risasi ya pili wakati ya kwanza imebaki chemba, kwa sababu ncha yake inaweza kugonga fataki ya ile ya mbele.

Majaribio yafanywe kwa risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, zenye urefu sawa na za kweli. Jaribu magazini ikiwa imejaa, kisha ikibaki na moja, kwa mwendo wa polepole na wa haraka. Andika kila inapokwama.

Mmiliki anaweza kusafisha, kukagua springi na kuhakikisha aina ya risasi. Kupiga tupa kingo au mteremko ni kazi ya fundi mwenye leseni. Mpelekee maandishi yako, kwa sababu chuma kikishapigwa tupa hakirudi.