Mkonge wa Korogwe na Handeni katika mitindo isiyoacha taka

Na Mwandishi Wetu

MKONGE, zao lililoutangaza Mkoa wa Tanga duniani kwa zaidi ya karne moja, ni miongoni mwa malighafi za mitindo ambazo zikichakaa huoza na kurudi udongoni. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jani lake imekuwa ikitupwa viwandani, na mkulima wa Korogwe na Handeni amekuwa akilipwa kwa sehemu ndogo tu ya kile anachovuna.

Suala hilo limepata uzito mpya kutokana na mjadala wa dunia kuhusu mavazi na taka zake. Katika biashara hiyo, mzunguko maana yake ni kwamba kitu kilichotengenezwa kidumu, kirekebishwe kinapoharibika, kitumike tena, na hatimaye kiwe malighafi ya kitu kingine.

Lengo hilo bado liko mbali. Mwaka 2023 dunia ilizalisha nyuzi za aina zote zipatazo tani milioni 124. Asilimia 57 hivi ilikuwa polista, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa mafuta ya petroli na haiozi kama pamba au katani. Nyuzi zilizotokana na nguo kuukuu hazikufika asilimia 1. Kuanzia Januari 2025, nchi za Umoja wa Ulaya zimetakiwa kukusanya nguo zilizotumika kando na taka nyingine.

Nchini Tanzania mitumba hurefusha maisha ya nguo, na kwa maana hiyo ni sehemu ya mzunguko. Lakini shati la polista likishachakaa mwilini mwa mnunuzi wa mwisho, mara nyingi huishia jalalani au motoni. Hapo ndipo nyuzi za asili zinapopata nafasi.

Asili ya zao

Mmea huitwa mkonge, na nyuzi zake huitwa singa au katani. Asili yake ni Mexico, na jina linalotumika katika masoko ya nje, sisal, linatokana na bandari ya Sisal katika rasi ya Yucatán. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Korogwe, Muheza na Pangani, yaliyolimwa kwa jasho la manamba kutoka mikoa ya mbali na nchi jirani.

Uzalishaji ulifikia kilele mwaka 1964, zilipopatikana tani zipatazo 230,000. Baadaye kamba za plastiki ziliteka soko, bei ikaanguka, na mashamba mengi yaliyotaifishwa yakadorora. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 hivi. Tangu hapo umekuwa ukipanda, ingawa haujaufikia ule wa mwaka 1964.

Kutoka jani hadi mkoba

Jani la mkonge huanza kukatwa mmea ukiwa na umri wa miaka 2 hadi 3. Hupelekwa kwenye korona, mashine inayoliponda na kulikwangua hadi zibaki singa, ambazo huoshwa, huanikwa juani na kupigwa brashi. Kazi hiyo inapaswa kufanyika ndani ya siku mbili hivi baada ya kukata, kwa kuwa jani likinyauka singa hupoteza ubora.

Katani ni ngumu mno kwa shati au gauni. Nafasi yake katika mitindo ni mikoba, mikanda, kofia, mazulia na mapambo. Kiondo cha wanawake wa Kikamba na Kikuyu nchini Kenya kiligeuka mkoba wa kisasa Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1970, kabla ya kuigwa na viwanda vya Asia. Katani laini iliyofumwa hutumika pia kutengenezea kofia za harusi na mbio za farasi nchini Uingereza. Hapa nyumbani, marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 ilifungua mlango kwa vikapu na mifuko ya nyuzi za asili.

Hata hivyo, si kila mkoba wa katani unaoza wote. Ukitiwa bitana ya polista, zipu ya plastiki na gundi ya kemikali, mzunguko umekatika. Mkoba unaofaa ni ule ambao mpini na bitana yake vinaweza kufumuliwa na fundi na kubadilishwa.

Asilimia 96 inayopotea

Tatizo kubwa zaidi liko kiwandani. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kwa maneno mengine, tani 100 za majani hutoa tani 4 za nyuzi, na tani 96 zinazobaki ni maji na makapi, ambayo yakimwagwa ovyo huchafua mito.

Majaribio ya kutumia makapi hayo yalifanyika Korogwe kwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Katani Limited ilijenga mtambo Hale wa kuyageuza kuwa gesi ya kuzalisha umeme, wenye uwezo wa kilowati 150. Mabaki baada ya gesi kutoka hufaa kuwa mbolea. Jaribio hilo lilionyesha kuwa makapi ni mali, ilimradi awepo wa kugharamia mtambo na kuutunza.

Kwa mkulima wa Kwedizinga wilayani Handeni, ambako ukame huweza kuangamiza mahindi, mkonge unavutia kwa kuwa huvumilia jua. Lakini kabla ya kuingoja mavuno kwa miaka mitatu, ni vyema aulize korona iko umbali gani, nani atagharamia usafiri wa majani, na nani atamiliki makapi. Vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, ndivyo vyenye nafasi ya kuliweka swali hilo la mwisho katika mikataba, kwa sababu mitindo ikiitwa endelevu huku anayelima jani akilipwa kwa asilimia 4 yake tu, faida ya mzunguko huo itabaki kwa wengine.